Biashara ya Mtandao: Ni Kipato Halali?

MSAMBAZAJI: Nianze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Kupata fremu Kariakoo kunadai kilemba, kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, leseni, makadirio ya TRA, na mzigo wa kujaza rafu kabla hujauza hata mche mmoja wa sabuni. Mwalimu wa shule ya msingi, mama aliyetoka uzazi, kijana aliyemaliza chuo na kuzunguka na bahasha ya vyeti hadi soli ikaisha: hao wote mlango huo hauwafungukii. Biashara ya mtandao inawafungulia mwingine. Unajiunga kwa kianzio, unachukua bidhaa kwa bei ya msambazaji, unauza rejareja na faida ni yako. Ukimfundisha mwenzako naye akauza, kampuni inakupa asilimia kwa kazi hiyo ya kufundisha. Kosa liko wapi?

MHASIBU: Katika kuuza hakuna kosa, dada. Machinga anauza, wakala wa bima anauza, na hakuna anayewaita matapeli. Swali langu ni moja, na naomba tusilikimbie: fedha anazolipwa mtu wa ngazi ya juu zimetoka mfukoni mwa nani? Zikiwa zimetoka kwa mteja ambaye hakujiunga, aliyenunua dawa ya meno kwa sababu anataka kupiga mswaki, hiyo ni biashara. Zikiwa zimetoka katika kianzio na manunuzi ya lazima ya waliojiunga jana, basi wa chini wanamchangia wa juu, hata kama bidhaa ni nzuri kiasi gani.

MSAMBAZAJI: Swali hilo lilishajibiwa zamani, kaka. Kampuni ya Amway, ya biashara hii hii, ilianzishwa Michigan, Marekani, mwaka 1959. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo iliifungulia mashtaka kwamba ni piramidi, yaani mfumo ambao wa chini wanamchangia wa juu. Mwaka 1979 tume yenyewe ikaamua kuwa si piramidi. Ilitazama kanuni za kampuni: msambazaji auze angalau asilimia 70 ya alichonunua kabla ya kuagiza tena, aoneshe wateja wa rejareja 10 kila mwezi, na bidhaa zisizouzika zirudishwe na fedha zilipwe. Hakuna aliyelipwa kwa kuingiza mtu tu. Huo ndio msingi ambao biashara hii imesimama juu yake hadi leo.

MHASIBU: Uamuzi huo usomwe wote. Tume hiyohiyo iliikuta kampuni na kosa la kuwapangia wasambazaji bei, na kosa la kutia chumvi mapato ambayo mtu wa kawaida angetarajia. Halafu zitazame hizo kanuni tatu ulizozitaja: zote zinapima mauzo kwa watu wa nje. Sasa niambie kwa haki kabisa. Katika semina zetu za hapa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, mtu anapopandishwa ngazi na kupigiwa makofi, kuna anayemuuliza wateja wake 10 ni akina nani? Anaulizwa ana watu wangapi chini yake.

MSAMBAZAJI: Kwenye timu yangu nauliza. Kila Jumamosi tunapitia madaftari: nani kauza nini, kwa nani, bado kiasi gani mkononi. Wapo viongozi wasiouliza, nakubali. Lakini usihukumu soko zima la samaki kwa mchuuzi mmoja aliyeuza samaki waliochina.

MAMA WA KIKOBA: Mwanangu, mimi nilikuwa chini ya mmoja wa hao wasiouliza, kwa hiyo niruhusuni niseme nilichokipitia. Nilikopa kwenye kikoba chetu nikalipia pakiti ya kuanzia. Nikaambiwa nisiponunua bidhaa za pointi kadhaa kila mwezi, sitahesabiwa kuwa hai kwenye mfumo, na bonasi yangu itapotea. Nikawa nanunua ili nisipotee. Makasha yakajaa uvunguni. Aliyenunua wa kwanza ni dada yangu, wa pili wifi yangu, wa tatu wanakikoba wenzangu, na hao walinunua kwa kunionea huruma. Baada ya hapo ukifika kwenye msiba watu wanahama mkeka. Marejesho ya mkopo nililipa kwa fedha ya genge langu la nyanya.

MSAMBAZAJI: Pole sana, mama. Aliyekushauri ukope kianzio alikukosea. Hilo mimi nalikataza kwa mdomo wangu. Lakini nikuulize, nawe ni mfanyabiashara: magenge mangapi yamefunguliwa mtaani kwenu na yakafa? Saluni ngapi? Bodaboda ngapi zimekopewa na kunyang'anywa? Mbona hatusemi kwamba genge ni utapeli kwa sababu wengi wameshindwa?

MAMA WA KIKOBA: Genge langu likifa, mwanangu, linakufa peke yake. Halidai kwamba nimwite mdogo wangu naye afungue genge ili langu liendelee. Na nyanya zikinibakia nazipika. Hapa nilitakiwa kumleta mtu mwingine katika hasara yangu, nikimwambia kwa tabasamu kwamba mambo yananiendea vizuri. Nilifundishwa kusema hivyo: usioneshe udhaifu mbele ya mgeni. Hilo ndilo lililonitoa.

MHASIBU: Hapo mama amegusa hesabu yenyewe. Semina nyingi huchora duara ubaoni: wewe leta watu watano, kila mmoja alete watano. Inapendeza kwa sababu mchoro unaishia ngazi ya tatu au ya nne. Tuendelee nao. Ngazi ya tano ni watu 3,125. Ya nane ni 390,625. Ya kumi ni 9,765,625. Ukijumlisha wote hadi ngazi ya 11 unapata watu 61,035,155. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Tanzania nzima, na vichanga vyake, ikiwa na watu 61,741,120. Kwa maneno mengine, ngazi ya 11 ikijaa, karibu hakuna Mtanzania aliyebaki wa kualikwa, na karibu wanne kati ya kila watano waliojiunga wako ngazi ya mwisho kabisa, bila mtu chini yao.

MSAMBAZAJI: Hiyo ni hesabu ya karatasi. Hakuna mtandao uliowahi kujaa hivyo. Watu huacha, wengine huhama, kila mwaka vijana wapya wanafikisha umri wa kufanya kazi. Kwa hesabu hiyo hata duka la vinywaji lingekufa, maana watu wangemaliza kiu.

MHASIBU: Mwenye kiu leo atakuwa na kiu kesho, na atarudi dukani bila kulazimishwa. Aliyekwisha kujiunga hajiungi mara ya pili. Na umesema mwenyewe: watu huacha. Mtandao haujai kwa sababu walio chini wanachoka, wanaondoka na hasara zao kimyakimya, kisha nafasi zao zinajazwa na wapya. Kuondoka kwao ndiko kunakouweka mfumo hai. Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu, na siwezi kuita kipato kile ambacho kinahitaji wengi wapate hasara ili wachache wapate faida.

MSAMBAZAJI: Unalifanya kila neno kuwa kosa la jinai. Anayeacha baada ya kutumia bidhaa kwa bei nafuu amepata hasara gani? Wapo wengi wanaojiunga ili wanunue kwa bei ya msambazaji watumie nyumbani, basi. Hawataki timu, hawataki semina. Ukiwahesabu hao kama walioshindwa, takwimu zako zinadanganya.

MHASIBU: Hoja hiyo ni ya kweli, nami naipokea. Basi tuangalie utafiti uliowauliza watu wenyewe. Mwaka 2018 taasisi ya AARP ya Marekani ilichapisha uchunguzi wake kuhusu walioshiriki biashara hii. Asilimia 47 walisema walipoteza fedha, asilimia 27 hawakupata faida wala hasara, na asilimia 25 walipata faida. Katika hao waliofaidika, zaidi ya nusu walipata chini ya dola 5,000.

MSAMBAZAJI: Mmoja kati ya wanne alipata faida! Kaka, nitajie biashara ndogo ya mtaji mdogo ambayo mmoja kati ya wanne anafaidika na hakuna anayempigia kelele. Na dola 5,000 kwa mwalimu wetu wa Singida si fedha ya kubeza.

MHASIBU: Sibezi fedha ya mtu. Nabeza ahadi. Katika semina huoneshwa gari jeupe, safari ya Dubai na hundi kubwa ya kadibodi. Hakuna anayepanda jukwaani kusema: ndugu zangu, karibu nusu yenu mtapoteza. Wakala akija kukuuzia bima, humuoni akiringia gari lake, anakueleza bima. Hapa bidhaa inaelezwa kwa dakika kumi, na utajiri kwa saa mbili. Msikilizaji anapaswa kujua kinachouzwa hasa ni kipi.

MAMA WA KIKOBA: Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

MSAMBAZAJI: Mama, wewe mwenyewe umewahi kutembeza nyanya kwenye beseni kichwani, na hazikuwa mbovu! Maandazi ya moto yanatembezwa alfajiri, samaki wabichi wanatembezwa kutoka Feri, na tunavinunua kwa furaha. Kampuni kubwa hutumia fedha nyingi kwa matangazo ya televisheni na mabango barabarani. Kampuni ya mtandao inachukua fungu hilo na kumlipa anayetembeza. Ndiyo maana bidhaa inaweza kuwa na bei ya juu kidogo: ndani yake kuna mshahara wa mtu wa mtaani kwako.

MAMA WA KIKOBA: Ingekuwa juu kidogo nisingelalamika. Nilipopeleka dawa ya meno kwa jirani aliniuliza: hii ina nini ambacho ya dukani haina, mpaka niilipie mara kadhaa? Sikuwa na jibu. Nikarudi kwa kiongozi wangu, naye akaniambia: usimuuzie bidhaa, muuzie fursa. Nikaelewa kwamba hata yeye hategemei mtu wa nje ainunue.

MSAMBAZAJI: Kiongozi anayesema hivyo ameiua biashara kwa mkono wake. Lakini msitutie kapu moja na matapeli. Kuna watu walikusanya fedha bila bidhaa yoyote, na sheria imewashughulikia.

MHASIBU: Tuwataje basi, ili mipaka ionekane. Mwaka 2009 hapa Tanzania serikali iliifunga DECI. Watu walikuwa "wakipanda mbegu" ya fedha na kuambiwa watavuna zaidi, wengi wao wakiwa wamealikwa na waumini wenzao. Viongozi wake, wakiwemo wachungaji, walishtakiwa katika Mahakama ya Kisutu, na mwaka 2013 kadhaa kati yao wakatiwa hatiani. Kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu kinaharamisha kuendesha upatu wa namna hiyo. Kenya nayo iliumizwa na upatu kama huo mwaka 2006 na 2007, na jopo lililoundwa na serikali likaripoti mwaka 2009 kwamba Wakenya zaidi ya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya. Nakubaliana nawe kwamba hao hawakuwa na bidhaa. Ninachosema ni kwamba bidhaa peke yake haimtoi mtu hatiani. Kasha la vidonge linaweza kuwa risiti tu ya kununulia nafasi.

MSAMBAZAJI: Hilo umelithibitisha kwa kampuni gani yenye bidhaa? Au ni shaka tu?

MHASIBU: Julai 2016 kampuni ya Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 kumaliza madai ya tume ileile ya Marekani. Mwaka uliofuata hundi zilitumwa kwa watu karibu 350,000 waliokuwa wamepoteza fedha. Tume haikuiita piramidi, nami sitaiita hivyo. Lakini iliitaka ibadili namna ya kulipa nchini humo: angalau theluthi mbili ya malipo ya msambazaji yatokane na mauzo ya rejareja yenye ushahidi. Tazama, dada, tumerudi kwenye swali langu la mwanzo. Kampuni ile ilikuwa na bidhaa, ilikuwa na wateja, na bado ilibidi ilazimishwe kuhesabu nani kanunua ili atumie na nani kanunua ili apande ngazi.

MSAMBAZAJI: Na kampuni hiyo haikufungwa. Ilirekebishwa, inaendelea kuuza. Huo ni ushahidi kwamba mfumo unaweza kusafishwa bila kuuawa. Ndicho ninachokisimamia.

MAMA WA KIKOBA: Mimi nina swali la imani. Kwetu Temeke vijana wengi walioniletea fursa hii ni Waislamu wenzangu. Mmoja akasema ni halali kwa kuwa kuna kuuza na kununua. Mwingine akasema ni haramu. Nishike lipi?

MSAMBAZAJI: Wanazuoni wenyewe wametofautiana, mama, na tofauti yao inatufundisha. Mwaka 2004 Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia ilisema haifai. Ilitazama kwamba anayejiunga anakusudia kamisheni na si bidhaa, anatoa fedha kidogo akitarajia nyingi, wala hajui atapata au atakosa. Mwaka 2009 Baraza la Ulamaa la Indonesia, kupitia bodi yake ya sharia, likaruhusu kwa masharti 12: bidhaa iwe ya kweli, bei isipandishwe kupita kiasi, kamisheni itokane na kazi halisi ya mauzo, asiwepo mtu anayevuna siku zote bila kufanya kazi. Mimi nafuata njia hiyo ya pili.

MHASIBU: Na mimi ambaye si Mwislamu nayaona masharti hayo kuwa mazuri kuliko mikataba mingi niliyoipitia. Lakini masharti ya Jakarta hayamlindi mtu wa Temeke ikiwa hakuna anayeyasimamia. Katika mikataba niliyosoma sijakuta mahali popote paliposema kamisheni itakoma pale kiongozi atakapoacha kufanya kazi. Kinyume chake, hicho ndicho chambo: "utalipwa hata ukiwa umelala." Nani basi anakuwa macho kwa ajili yako?

MSAMBAZAJI: Mwandishi wa kitabu hulipwa akiwa amelala. Mwenye nyumba za kupangisha hulipwa akiwa amelala. Kwa nini mtu aliyejenga timu kwa miaka, akasafiri kwa basi usiku kwenda kuwafundisha watu Kahama na Songea, anyimwe matunda yake?

MHASIBU: Asinyimwe, madhali matunda hayo yametoka kwa mnunuzi aliyeridhika.

MAMA WA KIKOBA: Kuna jambo zito zaidi ya fedha. Kwenye kikoba chetu yupo mwenzetu mgonjwa wa kisukari. Aliletewa vidonge vya mitishamba, akaambiwa vinasafisha damu, sukari itashuka, aachane na sindano. Tulimrudisha kliniki tukimkokota. Aliyemuuzia hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa binti mwenye koti jeupe na mashine ya kupima mwili mzima kwa kushika kifimbo mkononi.

MSAMBAZAJI: Hapa sina utetezi, wala sitautafuta. Kirutubisho si dawa. Msambazaji anayemwambia mgonjwa aache insulini anacheza na uhai wa mtu, na hata ngazi yake iwe ya juu kiasi gani, afukuzwe na ashtakiwe. Mimi ningeanza kusafisha hapo kabla ya kufika kwenye fedha.

MHASIBU: Nashukuru kwa kusema hivyo waziwazi. Lakini jiulize kwa nini inatokea mara nyingi. Binti yule ana pointi za kufikisha kabla ya mwisho wa mwezi. Mtu mwenye afya njema atajadili bei, mgonjwa hatajadili. Mfumo unaomdai mauzo ya lazima unamsukuma kwa mgonjwa hata kama moyo wake ni mwema.

MSAMBAZAJI: Basi tuseme dawa ni nini, tusibaki tunalaumiana. Kupiga marufuku? China ilijaribu mwaka 1998, ikafunga njia hii yote. Mwaka 2005 ikairuhusu tena kwa leseni, lakini ikakataza kulipana kwa ngazi. Malaysia ina sheria yake ya mauzo ya moja kwa moja tangu mwaka 1993. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1997, ilikataza kuchukua zaidi ya pauni 200 kutoka kwa mshiriki mpya ndani ya siku 7 za mwanzo, na ikampa siku 14 za kujitoa na kurudishiwa fedha zake. Hao hawakutuita wezi. Walituwekea mipaka.

MHASIBU: Mipaka hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili, na ningeongeza miwili. Kwanza, kampuni ichapishe kila mwaka, kwa Kiswahili, msambazaji wa kawaida alipata kiasi gani baada ya kutoa gharama zake. Si yule wa jukwaani, yule wa katikati. Pili, manunuzi ya msambazaji mwenyewe yasihesabiwe kumpandisha ngazi mtu wa juu yake. Ukiweka haya mawili, nani atabaki?

MSAMBAZAJI: Mimi nitabaki. Nina wateja wangu wanaonipigia simu wenyewe mafuta yakiwaishia. Watakaoondoka ni wale waliokuwa wakila fedha za viingilio, na waende. Ila na nyinyi mkubali jambo moja: zikiwekwa kanuni hizo na mtu akazitii, msimwite tapeli mbele ya watoto wake. Mmezoea kumheshimu mtu mwenye ofisi na kumdharau anayebeba bidhaa kwenye mkoba.

MHASIBU: Akizitii, nitamwita mfanyabiashara, na vitabu vyake nitavikagua kama ninavyokagua vya mwenye duka. Hadi hapo msimamo wangu haubadiliki: mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii daftari la aliye chini halifunguliwi.

MAMA WA KIKOBA: Ninyi wasomi mtaendelea na kanuni. Mimi nasema na mwenzangu ambaye kesho atapigiwa simu na rafiki aliyempotea miaka mingi, akiambiwa "kuna fursa, njoo usikilize." Usikope. Usiuze kiwanja wala usiguse ada ya mtoto. Mwambie aliyekualika akutajie wateja watatu ambao hawakujiunga na ambao wamenunua kwake mwezi huu na mwezi uliopita, kisha uende ukawaulize. Akikupeleka kwao, kaa umsikilize. Akikupeleka kwenye ukumbi wa semina, rudi nyumbani na fedha yako.